Mzigo wa Mpagazi na Presha ya Mjini

Ukitoka Tabora mjini kwenda Kwihara ni mwendo wa kilomita chache tu. Huko ndiko liliko tembe walimokaa Livingstone na Stanley mapema mwaka 1872, na mgeni akifika huelezwa habari za Wazungu hao wawili mpaka akatosheka. Leo mazungumzo yetu yanawahusu zaidi wale waliowabebea mizigo, yaani wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Yanahusu pia jambo linalotusumbua sisi wakazi wa mijini. Mtu wa miaka arobaini na mitano, mnene, mwenye kazi yake nzuri, anaanguka ofisini na kupooza upande mmoja, na kabla hajafikishwa hospitali jamaa wameshaanza kumtafuta aliyemroga.

Tuanze na mzigo wenyewe. Stanley aliondoka Bagamoyo Machi 1871, akaingia Kwihara Juni mwaka huo huo. Hiyo ni miezi mitatu ya kutembea kwa miguu. Mpagazi alibeba begani au kichwani frasila mbili hivi, yaani kama kilo 32, mbali na mkeka wake na chombo chake cha kupikia. Posho ya kawaida ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kiasi cha robo tatu ya kilo: mtama, uwele au mahindi. Kitoweo kilikuwa kunde, karanga, majani ya porini, na nyama siku ile tu mwindaji alipobahatika. Chumvi ilikuwa mali. Ile iliyochemshwa Uvinza ilisafirishwa mbali na kubadilishwa kwa vitu vingine, kwa hiyo hakuna aliyeinyunyiza ovyo juu ya chakula kilichokwisha kuungwa, kama tufanyavyo sisi kwenye sahani ya chipsi kabla hata hatujaonja.

Lakini Kwihara hiyo hiyo ilikuwa na sinia la pili. Matajiri wa Kiarabu waliokaa huko na katika vitongoji vya jirani walikula wali, samli, mchuzi wa kuku na mikate ya ngano, na walimkirimu Stanley kwa vyakula vya namna hiyo. Nadhani hapo ndipo sisi tulipojifunza kwamba kula vizuri ni kula vile, na kwamba kitambi ni dalili ya mtu kufanikiwa. Mpaka leo ukimwambia mtu "umenenepa" anakushukuru.

Msinielewe vibaya. Wapo wanaopenda kusema kwamba wazee wetu hawakuugua moyo kwa sababu walikula vyakula vya asili, basi. Wapagazi waliuawa na ndui, njaa, homa na kuhara. Mwaka 1871 vita vya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe vilifunga njia ya kwenda Ujiji. Aliyekufa kwa ndui akiwa na miaka thelathini hakupata nafasi ya kuugua presha. Tena, kifaa cha kufungwa mkononi kupima presha kilibuniwa na daktari wa Kitaliano, Riva-Rocci, mwaka 1896, wakati siku za misafara zilikuwa zinaelekea ukingoni. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na kazi ya upagazi katika njia ile ikafa.

Ushahidi wenyewe ulikuja baadaye. Mwaka 1929 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, Donnison, alichapisha matokeo ya kuwapima watu wapatao elfu moja wa sehemu za Kisii na kando ya Ziwa. Alikuta kwamba presha ya wenyeji haikupanda kadiri umri ulivyosonga, kama ilivyokuwa kwa Wazungu. Wazee walikuwa na presha ya chini. Miaka sitini na moja baadaye, mwaka 1990, ukachapishwa utafiti mwingine kutoka upande huo huo wa Kenya, na huu ndio unaonigusa zaidi. Watafiti waliwafuata Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini, wakawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Katika miezi michache tu ya kukaa mjini presha ya wahamiaji ilikuwa juu zaidi. Mkojo wao ulionyesha chumvi nyingi na upungufu wa potasiamu, madini tunayoyapata katika matunda, mboga na viazi. Uzito nao ulikuwa umeongezeka. Kabila ni lile lile, kilichobadilika ni maisha. Anayesema presha ni ugonjwa wa ukoo tu anasema nusu ya habari.

Wamaasai je? Profesa Mann wa Marekani aliwachunguza hapa Tanganyika, akaandika mwaka 1964 kwamba pamoja na maziwa na nyama nyingi, mafuta katika damu yao yalikuwa kidogo. Mwaka 1972 yakatoka matokeo ya kuchunguza mioyo ya marehemu hamsini: mishipa ilikuwa na utando wa mafuta kama ya Wamarekani wazee, ila ilikuwa mipana, damu ikapita. Mann aliona sababu ni kutembea kwao. Kwa hiyo rafiki yangu wa nyama choma asishangilie mapema, kwa kuwa Mmaasai yule hakwenda kula akiwa ndani ya gari.

Tabora yenyewe imeshuhudia vituko vya mafuta na moyo. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, ili wapate mafuta ya kula kwao. Mpango ulishindwa, ukaachwa mwaka 1951. Urambo ikaingia katika tumbaku, na tumbaku ikawa zao kuu la mkoa. Zao hilo limejenga nyumba na kusomesha watoto, sibishi. Lakini sigara inayotokana nalo ni adui mkubwa wa mishipa ya moyo.

Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba takriban robo ya Watanzania wazima waliopimwa walikuwa na presha ya juu. Mwaka 2015 Muhimbili ikapata Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na hilo ni jambo la kujivunia. Ila upasuaji ni gharama, na Shirika la Afya Duniani linashauri vitu vya bei nafuu: chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, na mwendo wa haraka wa dakika 150 kwa wiki. Mpagazi alizimaliza dakika hizo kabla ya saa nne asubuhi ya siku ya kwanza.

Linalonitia hofu ni wale wanaosema, "Mimi presha yangu ikipanda naijua." Haijulikani. Uchunguzi uliofanyika Dar es Salaam na Hai katika miaka ya tisini ulikuta kwamba wengi wenye presha hawakuwa na habari nayo. Na wapo waliopewa vidonge, wakajisikia vizuri, wakaviacha kama mtu aliyemaliza dozi ya malaria. Kipimo chenyewe ni cha dakika chache, hakina sindano, na huna haja ya kulala na njaa ili ukipate.