Mahakama ya Santa Barbara na Historia Iliyochorwa Ukutani

Nchini Marekani kaunti ni ngazi ya utawala iliyo chini ya jimbo, na mahakama yake, ambamo mashauri husikilizwa na mara nyingi kumbukumbu za umma hutunzwa, aghalabu huwa jengo ambalo wenyeji hujivunia. Ile ya Kaunti ya Santa Barbara, katika pwani ya California, ilizaliwa na maafa. Tetemeko la ardhi la tarehe 29 Juni 1925 liliharibu mahakama ya zamani pamoja na sehemu kubwa ya katikati ya mji, na waliousimamia ujenzi mpya wakaamua kufuata mtindo wa kuiga majengo ya Wahispania, wenye kuta nyeupe, matao na mapaa ya vigae vyekundu. Mahakama mpya, iliyosanifiwa na kampuni ya William Mooser, ilikamilika mwaka 1929.

Ghorofani, katika ukumbi uliokuwa wa baraza la kaunti, Dan Sayre Groesbeck, aliyewahi kumchorea mwongozaji wa filamu Cecil B. DeMille, alizijaza kuta michoro mikubwa ambayo haifichi asili hiyo ya kisinema. Humo Juan Rodríguez Cabrillo, baharia aliyeitumikia Hispania, anawasili mwaka 1542 mbele ya Wachumash, wenyeji wa asili wa pwani hiyo. Kisha misheni, yaani makazi ya mapadri Wafransisko yenye kanisa, mashamba na karakana, inajengwa baada ya kuasisiwa mwaka 1786.

Hapo ndipo msomaji wa historia anapopaswa kuwa mwangalifu, kwa sababu michoro hiyo ni ushahidi wa fikra za mwaka 1929 zaidi kuliko wa matukio inayoyaonyesha. Misheni ilijengwa kwa nguvu za Wachumash, ambao mwaka 1824 waliasi dhidi ya utawala wa misheni tatu, ikiwemo hiyo ya Santa Barbara. Fahari ya rangi haitoshi kumweleza mtazamaji kwa nini waliasi. Hata hivyo kuifuta michoro hiyo kungekuwa kosa, maana jamii ikipoteza picha iliyojichorea hupoteza pia nafasi ya kujihoji. Kinachohitajika ni maelezo kamili kando yake, na Wachumash wenyewe washirikishwe kuyaandika.

Jengo hilo lilitangazwa Alama ya Kihistoria ya Taifa mwaka 2005, na mashauri bado yanasikilizwa humo.