Bendera Kwenye Nyumba ya Mhamiaji

Tarehe 25 Machi 2006, watu wapatao nusu milioni walijaza mitaa ya katikati ya Los Angeles. Walikuwa wakipinga muswada uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi la Marekani Desemba iliyotangulia, ambao ungemfanya kila anayeishi nchini humo bila kibali kuwa mtenda jinai. Watangazaji wa redio za Kihispania walikuwa wamewasihi wasikilizaji wao wavae nguo nyeupe na kubeba bendera ya Marekani, na wengi walitii. Lakini bendera za Meksiko nazo zilikuwepo, na ndizo zilizotawala mjadala wa siku zilizofuata. Watu waliokuwa wamevuna mashamba na kusafisha nyumba za California kwa miaka mingi waliulizwa wao ni wa nchi gani hasa. Muswada haukupita katika Seneti. Swali lilibaki, na likawafuata hadi majumbani.

Makala haya yanatetea hoja moja: bendera iliyotundikwa kwenye nyumba ya mhamiaji ni ushahidi dhaifu wa mapenzi yake kwa nchi, kwa kuwa huwekwa au huondolewa kwa kutegemea jinsi wengine watakavyoisoma. Anayetaka kujua kama mgeni amekubaliwa katika mtaa anapaswa kuangalia kama mgeni huyo anaweza kuacha ukuta wake mtupu bila kutiliwa shaka.

Mhamiaji kutoka Afrika Mashariki ana sababu ya ziada ya kusitasita. Amekulia mahali ambapo bendera ya taifa ni ya ofisi, shule na kituo cha polisi. Hupandishwa asubuhi wanafunzi wakiwa wamesimama wima. Inaposhushwa jioni, mpita njia wa Tanzania husimama mpaka shughuli iishe. Enzi za chama kimoja, nyumba iliyokuwa na mlingoti mtaani ilikuwa ya balozi wa nyumba kumi, na bendera yake ilikuwa ya chama. Kenya nako, sheria inawataja viongozi wanaoruhusiwa kupeperusha bendera ya taifa kwenye gari, na raia wa kawaida hayumo. Mtu wa malezi hayo akihamia Minnesota au Texas, akakuta bendera barazani kwa fundi bomba, kwa mwalimu mstaafu na kwa mjane wa nyumba ya kona, anakutana na desturi ngeni kabisa: alama ya dola iko mikononi mwa kila mwenye nyumba. Asipotundika ya kwake, huenda anaonyesha ile heshima aliyofundishwa utotoni. Jirani asiyeyajua hayo anaweza kuona ubaridi, au hata uadui.

Si kwamba hana hisia za kitaifa. Mkenya wa ughaibuni anaweza kuishi miaka mingi bila kutundika kitambaa chochote ukutani, na muda wote huo mkononi ana bangili ya shanga nyeusi, nyekundu, kijani na nyeupe. Bangili haihitaji kibali cha mtu, na ikibidi huingia ndani ya mkono wa shati.

Kujihadhari huko kuna historia. Siku ya mashambulizi ya 11 Septemba 2001, maduka ya Walmart yaliuza bendera za Marekani takriban 116,000. Tarehe hiyohiyo mwaka uliotangulia yalikuwa yameuza 6,400 hivi. Miongoni mwa waliotundika katika wiki zile walikuwamo Waarabu, Waislamu wa asili mbalimbali na Masingasinga, kwenye vioo vya teksi, kwenye milango ya maduka na kwenye madirisha ya sebule. Wengi walikuwa wakiomboleza kwa dhati pamoja na taifa lao. Wengi pia walikuwa na hofu, na bendera ikawa kinga. Hisia hizo mbili zilikaa ndani ya kitambaa kimoja, na hakuna mpita njia aliyeweza kuzitenganisha. Kinga yenyewe haikuwa imara. Tarehe 15 Septemba, huko Mesa, Arizona, Balbir Singh Sodhi, Singasinga mzaliwa wa India, alipigwa risasi na kufa nje ya kituo chake cha mafuta alipokuwa akishughulikia bustani. Siku hiyohiyo alikuwa amechangia dola 75 katika mfuko wa waathirika wa mashambulizi. Muuaji aliona kilemba na ndevu, na hizo zikamtosha kuamua nani ni adui. Hapo ndipo inapoporomoka dhana kwamba mgeni akionyesha ishara sahihi atakuwa salama. Anayetazama huwa ameshachagua ishara ya kuisoma.

Uingereza inalionyesha jambo hili kwa muda mrefu zaidi. Katika miaka ya 1970 chama cha kibaguzi cha National Front kilibeba bendera ya taifa katika maandamano yake, likiwemo lile la Lewisham, kusini mwa London, tarehe 13 Agosti 1977, lililopita katika eneo lenye wakazi wengi kutoka Karibiani. Mwanazuoni Paul Gilroy alipochapisha kitabu chake kuhusu ubaguzi nchini humo mwaka 1987, alikipa jina linalotokana na kaulimbiu ya wabaguzi hao, isemayo kwamba weusi haumo katika rangi za bendera hiyo. Mtoto wa Kijamaika aliyekua mitaa ile alijifunza kuvuka barabara anapoiona. Kumwambia miaka kadhaa baadaye kwamba ni kitambaa tu cha kufurahia mpira ni kumtaka asahau alichokiona kwa macho yake.

Ndipo likaja jaribio la kuipa bendera maana nyingine, na uso wake ukawa wa mtoto wa Pembe ya Afrika. Tarehe 4 Agosti 2012, Mo Farah alishinda mbio za mita 10,000 katika Olimpiki ya London na kujifunika bendera ya Uingereza mbele ya uwanja uliofurika. Picha hiyo ilitumika kote kama ithibati kwamba nchi imebadilika. Miaka 10 baadaye, Julai 2022, Farah alieleza hadharani kwamba alizaliwa Somaliland kwa jina la Hussein Abdi Kahin, na kwamba aliingizwa Uingereza kimagendo akiwa na umri wa miaka tisa hivi kwa jina la mtoto mwingine, kisha akafanyishwa kazi za ndani katika nyumba ya watu. Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza kwamba haitamchukulia hatua. Hata hivyo, ilibidi tangazo hilo litolewe. Bingwa aliyevaa bendera mbele ya dunia nzima alikuwa akiishi na siri ambayo, kisheria, ingeweza kuuweka uraia wake hatarini. Kama kitambaa kile hakikumtosha yeye, mhudumu wa nyumba ya wazee aliyetoka Mogadishu au Bukavu atakitegemeaje?

Kiangazi cha mwaka 2025, bendera za Uingereza na za Mtakatifu George, yaani za England, zilifungwa kwenye nguzo za taa, kuanzia baadhi ya vitongoji vya Birmingham hadi miji mingi nchini. Wapo waliozifunga kwa kujivunia walikozaliwa. Lakini zilipanda wakati uleule wa maandamano nje ya hoteli za waomba hifadhi, likiwemo la mji wa Epping, na mhamiaji hakuwa na njia ya kujua iliyo mbele ya mlango wake ilifungwa kwa moyo gani. Nguzo ya taa si nyumba. Mwenye nyumba huchagua; anayeamka na kukuta bendera nje ya dirisha lake amechaguliwa ujumbe na mtu asiyemfahamu, na wala hana wa kumuuliza.

Bendera ya nchi ya kuzaliwa nayo haina amani inayodhaniwa. Mapema mwaka 1999, katika mji wa Westminster, California, mhamiaji mmoja kutoka Vietnam alitundika dukani kwake bendera ya serikali ya Hanoi pamoja na picha ya Ho Chi Minh. Waliojitokeza kumpinga walikuwa Wavietnam wenzake, wakimbizi wa vita, na siku moja walifikia takriban 15,000. Mahakama ilimtambulia haki ya kuitundika. Mwaka 2003 halmashauri ya mji huohuo ikaitambua rasmi bendera ya manjano ya Vietnam Kusini, nchi ambayo haipo tena. Waethiopia wa Washington wana mgawanyiko wa aina hiyo, baina ya wanaopeperusha bendera yenye nyota ya serikali na wanaoikataa nyota hiyo. Jirani Mmarekani anayeona rangi za kigeni na kudhani jamii nzima inasema kwa sauti moja anakosea.

Pingamizi zito dhidi ya hoja hii ni kwamba wako wahamiaji wanaoipenda bendera mpya kwa moyo wote, na kuwatazama kama watu wenye hofu tu ni kuwavunjia heshima. Ni kweli, na mfano wake mzuri uko Berlin. Wakati wa Kombe la Dunia la 2010, familia ya Kilebanoni yenye duka katika barabara ya Sonnenallee, mtaa wa Neukölln, ilitundika bendera kubwa ya Ujerumani iliyofunika ghorofa kadhaa za jengo. Wanaharakati wa mrengo wa kushoto, wanaoiona bendera hiyo kuwa alama ya utaifa wenye historia mbaya, waliiharibu zaidi ya mara moja. Familia ilinunua nyingine. Furaha yao ilikuwa halisi, na walistahili kuachwa nayo. Lakini hata hapa uamuzi kuhusu maana ulinyakuliwa na wengine, safari hii na watu walioamini kwamba wanapinga ubaguzi.

Sheria zinaweza kusaidia kuliko inavyodhaniwa. Nchini Uingereza, kanuni za mipango miji huruhusu bendera ya taifa lolote kupeperushwa nyumbani bila kibali cha halmashauri. Marekani ilipitisha Julai 2006, miezi minne tu baada ya maandamano ya Los Angeles, sheria inayozuia jumuiya za wamiliki wa nyumba kumkataza mwanachama kutundika bendera ya Marekani. Bendera ya Meksiko au ya Kenya haikupata ulinzi huo, na jumuiya nyingi zinaweza kuamuru ishushwe. Kanuni za bendera za nchi hiyohiyo, zilizotungwa mwaka 1942, zinaelekeza kwamba bendera za mataifa mawili zipeperushwe kwenye milingoti tofauti yenye urefu sawa. Na tarehe 14 Juni 1943, katika shauri lililoletwa na familia za Mashahidi wa Yehova wa West Virginia, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto wa shule hawezi kulazimishwa kuisalimu bendera. Jumuiya ya nyumba inayoandika kanuni zake upya ina vielelezo vyote viwili tayari, cha mlingoti wa pili na cha kukataa, na haina sababu ya kumnyima mhamiaji kimojawapo.