Timu ya Arada na Majina ya Watawala

Sisi watu wa Yanga tumezoea kuutaja mwaka 1935 kama vile tumeurithi peke yetu. Kaa na mzee wa Jangwani. Kahawa haijapoa, atakuwa amekwisha kukukumbusha kwamba Simba walikuja mwaka mmoja baadaye. Nami ni mmoja wa wasemaji hao. Ila tangu nianze kufuatilia habari za mpira wa Ethiopia, nimekubali kugawana mwaka huo na wengine. Desemba 1935, ambao kwa kalenda yao ulikuwa mwaka 1928, vijana wa Addis Ababa waliunda timu wakaiita Kidus Giyorgis, Mtakatifu George. Waasisi wanaotajwa ni wawili: Ayele Atnash na George Dukas.

Tazama walichagua mwezi gani. Oktoba 3 mwaka huohuo majeshi ya Mussolini yalivuka mto Mareb kutoka Eritrea, na siku tatu baadaye mji wa Adwa ukawa mikononi mwao. Mfalme alikuwa akikusanya watu wa kwenda vitani. Katikati ya heka heka hiyo, vijana wa mtaa wa Arada wanatafuta mpira, jezi na jina la timu.

Jina hawakwenda kulitafuta mbali. Arada ndiko liliko kanisa kuu la Mtakatifu George, jengo la pembe nane ambalo Menelik wa Pili alilijenga kukumbuka ushindi wa Adwa. Waethiopia wanasimulia kwamba tabot ya mtakatifu huyo, yaani sanduku takatifu la kanisa lake, ilibebwa hadi uwanja wa vita. Tena Waitaliano walipigwa Adwa tarehe 23 Yekatit, ambayo kwetu ilikuwa Machi 1, 1896, na kwa kanisa la Ethiopia kila tarehe 23 ya mwezi ni siku ya Giyorgis. Mtoto yeyote wa Arada aliyajua hayo. Kwa hiyo timu iliyoitwa Giyorgis, huku Mwitaliano amekwisha kurudi Adwa, ilibeba ujumbe hata kama wachezaji wake walitaka kabumbu tu.

Wavamizi nao waliuelewa ujumbe huo. Waliingia Addis Ababa Mei 5, 1936. Sanamu ya Menelik juu ya farasi, iliyosimama jirani na kanisa, waliing'oa. Mwaka uliofuata, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitaliano, wakalichoma moto kanisa lenyewe. Kwenye mpira waliweka mipaka ya rangi: wazungu na ligi yao, wenyeji na yao, na marufuku kukutana uwanjani. Timu ya Giyorgis ikalazimishwa kujiita Littorio Wube Sefer. Wube Sefer ni mtaa. Littorio ni alama ya utawala wa kifashisti. Vijana walioanza wakiwa chini ya jina la mtakatifu wa Adwa wakatakiwa kuingia uwanjani na nembo ya aliyewatawala.

Mmoja wao alikuwa Yidnekachew Tessema, mzaliwa wa Jimma mwaka 1921, aliyejiunga na Giyorgis ikiwa changa na yeye akiwa bado mvulana. Baba yake, Tessema Eshete, alikuwa mshairi na mwimbaji, wa kwanza nchini mwake kurekodi nyimbo kwenye sahani za santuri, huko Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwana akapewa kipaji cha miguu. Alibaki na timu ileile hadi 1958, na hesabu inayotajwa ni mabao 318 katika mechi 365. Kwetu sisi tulioona mastaa wakihama kutoka Jangwani kwenda Msimbazi kwa msimu mmoja, miaka 23 katika jezi moja ni jambo la kuvulia kofia.

Mfalme Haile Selassie alirejea Addis Ababa Mei 5, 1941, miaka mitano kamili tangu mji uanguke. Timu ikarudishiwa jina lake. Mwaka 1943 likaundwa shirikisho la soka, na 1944 yakachezwa mashindano ya kwanza ya ubingwa, ambayo ukisoma orodha yake unaona sura nzima ya mji ule. Waarmenia walikuwa na Ararat. Wagiriki walikuwa na Olympiacos. Waitaliano waliobaki walikuwa na Fortitudo. Waingereza wa ujumbe wa kijeshi walikuwa na timu yao. Waethiopia, wenye nchi, walikuwa na Giyorgis.

Kombe lilichukuliwa na wanajeshi wa Kiingereza. Hata hivyo, kwa macho yangu, mwaka huo ni mkubwa kuliko mwaka wowote wa ubingwa wa Giyorgis. Miaka michache tu nyuma, Mhabeshi kugusa mpira mmoja na mzungu lilikuwa kosa. Sasa Giyorgis na Fortitudo wamo kwenye ratiba moja, mbele ya mwamuzi mmoja. Ubingwa wenyewe ulikuja 1950, ukawa wa kwanza wa mingi. Heshima ilikuwa imekwisha kupatikana kabla yake.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoihesabu Giyorgis kwa makombe tu. Uwanja wa kibaguzi ulikuwa shule, na Yidnekachew alihitimu vizuri. Februari 1957 alikuwa Khartoum pamoja na Wamisri, Wasudani na mjumbe wa Afrika Kusini, wakaanzisha Shirikisho la Soka la Afrika, CAF. Kombe la kwanza la Mataifa lilikuwa lichezwe papo hapo na nchi hizo nne. Afrika Kusini ikasema haitaleta timu iliyochanganya rangi: ni weupe watupu au weusi watupu. Ikaachwa nje, yakabaki mataifa matatu. Ethiopia ikapita bila kucheza hadi fainali na kupigwa na Misri 4–0, mabao yote ya mtu mmoja, Ad-Diba. Kipigo kizito, lakini kati ya walioketi meza ile kulikuwa na mtu ambaye hakuhitaji kueleweshwa maana ya ligi mbili katika mji mmoja. Alikuwa amecheza ndani yake.

Miaka mitano baadaye kombe likaja Addis Ababa. Timu zilikuwa nne: wenyeji, Tunisia, Misri iliyocheza kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, na Uganda, ambayo ilikuwa bado miezi kadhaa ipate uhuru wake. Kocha wa Ethiopia alikuwa Yidnekachew. Katika fainali ya Januari 21, 1962, Misri waliongoza mara mbili na kusawazishiwa mara mbili. Katika muda wa nyongeza Italo Vassalo akafunga la tatu, kisha Mengistu Worku, mshambuliaji wa Giyorgis, akapigilia la nne. Nahodha Luciano Vassalo, kaka yake Italo, akapokea kombe mkononi mwa mfalme. Ndugu hao wawili, wazaliwa wa Eritrea, baba yao alikuwa Mwitaliano. Miaka ishirini nyuma, sheria za mkoloni zingewaacha wasijue wasimame upande gani wa uwanja.

Mwaka 1967 Giyorgis ilifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika. Yidnekachew wakati huo alikuwa na vita nyingine. Yeye na Ohene Djan wa Ghana walikuwa mstari wa mbele Afrika iliposusia Kombe la Dunia la 1966 kwa kunyimwa nafasi yake yenyewe, na kuanzia 1970 nafasi hiyo ikatolewa. Mwaka 1972 akawa rais wa CAF. Mwaka 1976 FIFA ikaifukuza Afrika Kusini. Alifariki Agosti 1987, akiwa bado rais, miaka mitano kabla Afrika Kusini kurudi uwanjani na timu ya rangi zote.

Nyumbani, klabu yake ilikuwa imekutana na mtawala mwingine. Mfalme alipinduliwa Septemba 1974, wanajeshi wa Derg wakashika nchi, na michezo ikapangwa upya kwa mtazamo wa kijamaa. Timu yenye jina la mtakatifu haikuwa na pa kukaa kwenye mpango huo. Ndiyo maana ukifungua orodha ya mabingwa wa katikati ya miaka ya 1980 unakuta timu ya kiwanda cha bia cha Addis Ababa. Ni Giyorgis haohao. Sisi tusishangae sana. Sunderland ya Dar es Salaam iligeuka Simba mwaka 1971, tena wenyewe wakalipenda jina jipya mpaka leo. Wa Arada hawakulipenda. Derg ilianguka Mei 1991, jina la Giyorgis likarudi, na ubingwa wa mwaka huo umeandikwa kwa jina hilo.

Tangu hapo imekuwa klabu ya fedha na mamlaka. Ina nguvu ya bia ya Giyorgis nyuma yake, bia iliyoanza kupikwa mjini humo 1922, na kwenye nembo yake mtakatifu juu ya farasi anamchoma joka. Mashabiki wanaiita timu Fereseniochu, wapanda farasi. Watani wao ni Buna, timu ya kahawa iliyoundwa 1976, na siku wakikutana Addis Ababa inakuwa kama Kariakoo siku ya Simba na Yanga. Mwaka 2017 Giyorgis ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza. Ubingwa wa nyumbani imeuchukua kupita klabu yoyote nchini, ukiwamo wa 2022 na 2023.

Wapo Waethiopia wanaoichukia kwa utajiri huo, na sina ugomvi nao. Hata mimi sipendi mkubwa anayeshinda kila mwaka, isipokuwa awe Yanga. Lakini watawala wawili, mmoja wa kigeni na mmoja wa nyumbani, waliona hawawezi kuutawala mji ule sawasawa mpaka wabadilishe jina la timu ya mpira, na wote wawili waliondoka wakaliacha. Vikombe huhesabiwa na kabati. Klabu huhesabiwa na watu waliokataa kuiita jina jingine.