Bei Iliyoiponza Kodak
Wanafunzi wangu wengi hudai kwamba Kodak iliangushwa na kamera ya dijitali kwa kuwa haikuiona ikija. Historia haikubaliani nao. Mhandisi wa Kodak, Steven Sasson, ndiye aliyeunda kamera ya dijitali ya kwanza kubebeka, mwaka 1975. Na ni Kodak hiyohiyo iliyowauzia wapigapicha wa magazeti mtambo wa DCS mwaka 1991: pikseli milioni 1.3, kisanduku cha diski na betri kikining'inia begani, na bei iliyozidi dola 20,000!

Kwa maoni yangu, kiini ni bei hiyo. Kodak ilipachika vifaa vyake kwenye kamera ya Nikon F3, yaani ilinunua kwa mshindani kabla ya kuuza. Wateja wake walikuwa mashirika yenye fedha. Aidha, kampuni inayoishi kwa filamu haina haraka ya kushusha bei ya kitu kitakachoiua filamu.

Mwaka 1999 Nikon ikatoa D1, iliyoisanifu yenyewe, kwa takriban dola 5,500. Wahariri walipiga hesabu ya filamu, kemikali na muda wa kusafisha picha, wakaona kamera italipa gharama yake. Mwaka uliofuata Canon ikajibu kwa D30, takriban dola 3,000.

Kodak ilijitoa katika kamera za kitaalamu mwaka 2005. Januari 2012 iliomba ulinzi wa mahakama ya ufilisi. Februari ikatangaza kuacha kutengeneza kamera za dijitali.