Kigunduzi cha metali cha kuanzia

Kigunduzi cha metali (huitwa pia detekta) ni kifaa cha umeme kinachotambua metali iliyofichika ardhini au ndani ya kitu kingine bila kuigusa. Kigunduzi cha kuanzia ni kile kinachonunuliwa na mtu asiye na uzoefu, aghalabu kwa fedha kidogo, ili kutafuta sarafu, vito vilivyopotea au dhahabu. Mashine zinazofaa kwa sarafu na pete huuzwa takriban dola za Marekani 150 hadi 300. Zile zilizotengenezwa kwa ajili ya dhahabu katika udongo wenye chuma kingi hufikia dola elfu kadhaa. Hasara nyingi hutokana na pengo hilo: mtu hununua mashine ya aina ya kwanza akitarajia ifanye kazi ya aina ya pili.

Jinsi kinavyofanya kazi

Chini ya mpini wa kifaa kuna sahani iitwayo koili, ambayo ndani yake umezungushwa waya wa shaba. Umeme unaopita katika waya huo huunda uga wa sumaku unaobadilikabadilika. Uga huo ukifikia metali, huamsha ndani yake mikondo midogo ya umeme. Mikondo hiyo nayo huunda uga wake, ambao kifaa huupokea na kutoa mlio. Alexander Graham Bell, anayejulikana zaidi kwa simu, alitumia kanuni hii mwaka 1881 kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Hakufanikiwa, na springi za chuma za kitanda hutajwa kuwa mojawapo ya sababu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ofisa wa Poland Józef Kosacki alibuni kigunduzi cha mabomu ya ardhini kilichotumika El Alamein, Misri, mwaka 1942.

Aina kuu mbili

Vigunduzi karibu vyote vya bei nafuu hutumia masafa ya chini sana, yaani kati ya kilohezi 3 na 30. Masafa ya chini hufaa vitu vikubwa na metali zinazopitisha umeme vizuri, kama fedha na shaba. Masafa ya juu huona vitu vidogo zaidi. Ndiyo sababu mashine chache za aina hii zilizokusudiwa dhahabu hupita kiwango hicho: Gold Monster 1000 ya Minelab hutumia kilohezi 45, na Gold Bug 2 ya Fisher hutumia 71.

Aina ya pili hutuma mapigo mafupi ya umeme na kusikiliza mwangwi wake. Haisumbuliwi sana na madini ya udongo wala chumvi, na huona kwa kina zaidi, ila ni ghali na kwa kawaida haitofautishi vizuri msumari na dhahabu.

Udongo kwanza, mashine baadaye

Udongo mwekundu wenye chuma kingi, ambao ni wa kawaida katika maeneo mengi ya dhahabu barani Afrika, hutoa ishara yake wenyewe na kuifunika ishara ya kipande kidogo cha dhahabu. Kifaa hukabiliana na hali hiyo kwa kurekebishwa kulingana na ardhi. Mashine rahisi kabisa huja na marekebisho yaliyofungwa kiwandani. Hutosha katika bustani au uwanja wa shule, lakini kwenye udongo mwekundu hulia ovyo. Anayeanza katika maeneo hayo ahitaji mashine inayorekebishwa kwa mkono au inayojirekebisha yenyewe, hata kama italazimu kununua iliyotumika. Jaribio lake ni jepesi: koili huinuliwa na kushushwa mara kadhaa juu ya ardhi isiyo na metali, mlio ukibadilika kila inaposhuka, mashine na ardhi hiyo hazipatani.

Ufukweni hali ni nyingine. Mchanga mkavu hauna shida, lakini mchanga uliolowa maji ya bahari hupitisha umeme na kuzichanganya mashine zinazotumia masafa mamoja. Isitoshe, vifaa vingi vya bei nafuu vina koili isiyopenya maji huku sanduku la vidhibiti likiwa halina kinga hiyo.

Suala la kina

Wauzaji hupenda kutaja mita. Kwa hakika, sarafu moja huonekana na mashine ya kuanzia katika kina cha sentimita 15 hadi 25, na kwenye udongo mbaya hupungua. Sababu ni ya kifizikia: kwa kitu kidogo kilicho mbali na koili, kina kikizidi mara mbili, ishara inayorudi hudhoofika takriban mara 64. Hakuna betri inayoweza kufidia hilo. Koili kubwa huongeza kina kwa vitu vikubwa, lakini hupoteza vidogo.

Uchujaji nao husifiwa kupita kiasi. Kifaa huweza kunyamazia chuma, lakini karatasi ya alumini, kishikio cha kopo la soda na pete ndogo ya dhahabu hutoa ishara zinazokaribiana sana. Anayekataa kuchimba takataka atakosa na pete.

Kununua kilichotumika

Mashine ya zamani ya kampuni inayojulikana mara nyingi hushinda mpya isiyo na jina. Hazina ya Staffordshire, mkusanyo mkubwa wa vitu vya dhahabu vya Waanglia-Saksoni, iligunduliwa Uingereza mwaka 2009 na Terry Herbert kwa kigunduzi cha umri wa miaka 14. Mnunuzi hukagua waya unaoingia kwenye koili, kutu penye betri, na kama koili ikigongwa kidogo kifaa hulia bila sababu. Bajeti ibakize fedha za sepetu, betri na spika za masikioni, kwani milio hafifu hupotea kwenye upepo.

Bandia na utapeli

Minelab, kampuni ya Australia, imetahadharisha kuhusu nakala bandia za mashine zake za dhahabu. Nakala huwa na sura na nembo ileile, lakini ndani ni saketi duni. Kinachodhuru zaidi ni fimbo zenye antena zinazodaiwa kuona dhahabu au almasi kutoka mamia ya mita. Hazina uwezo wowote. Mwingereza James McCormick, aliyeuza vifaa vya namna hiyo kwa majeshi na polisi kama vigunduzi vya mabomu, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 mwaka 2013. Hata kigunduzi halisi cha kujifurahisha hakifai kutafutia mabomu ya ardhini; kazi hiyo ni ya wataalamu.

Sheria

Kumiliki kifaa si ruhusa ya kuchimba. Nchini Tanzania, kutafuta madini kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, na mabaki ya kale hulindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Kenya ina Sheria ya Madini ya mwaka 2016, na ile ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Magofu kama ya Kilwa Kisiwani, yaliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 1981, si mahali pa kujaribia mashine.

Nchini Uingereza na Wales ruhusa ya mwenye shamba ni lazima, na hazina hutolewa taarifa chini ya sheria ya mwaka 1996. Kabla ya hapo, mwaka 1992, Eric Lawes alikuwa akitafuta nyundo iliyopotea shambani huko Hoxne alipokuta sarafu za Kirumi. Aliacha kuchimba na kutoa taarifa, hivyo wanaakiolojia wakaweza kuona jinsi sanduku lilivyopangwa ndani. Nyundo pia ilipatikana, na leo iko katika Makumbusho ya Uingereza, London, pamoja na hazina yenyewe.