Safu ya Lugha: Mumiani

Mwandishi anayemwita kila muuaji "mumiani" analipotosha neno lenye historia nzito. Asili yake ni Kiajemi, na kwanza mumiani ilikuwa dawa: kitu cheusi kama lami, kilichopakwa penye mfupa uliovunjika au kuyeyushwa kwenye samli na kunywewa. Wengi pwani waliamini ni damu ya watu iliyogandishwa. Basi jina la dawa likahamia kwa mnyonya damu wa kuwaziwa, na enzi za ukoloni hata wazimamoto wa Mombasa na Nairobi wakashukiwa kuwa mumiani.

Anayeua ni muuaji. Na habari ile ya damu iitwe uvumi, si uzushi, maana mzushi anajua kwamba anadanganya, ilhali waliovumisha habari za mumiani waliogopa kwelikweli.