Mshindo na Wepesi wa Kulipuka

Kwa Kiswahili moto hulipuka na baruti hulipuka, na neno hilo moja laficha tofauti iliyowasumbua wanakemia wa Ulaya kwa muda mrefu.

Katika mwaka 1847 Ascanio Sobrero wa Torino aligundua nitrogliserini. Tone lake likiwashwa peupe huweza kuungua kimya. Likipigwa nyundo hupasuka. Tarehe 3 Septemba 1864 karakana ya Alfred Nobel huko Heleneborg, Stockholm, ililipuka, na miongoni mwa waliokufa alikuwamo Emil, mdogo wake. Mwaka uliofuata Nobel alitengeneza fataki yenye fulminati ya zebaki. Kazi ya fataki hiyo haikuwa kuunguza, bali kupiga.

Jambo la ajabu zaidi lilionekana Woolwich, Uingereza. Katika mwaka 1868 Brown, msaidizi wa Frederick Abel, alionyesha kuwa pamba ya baruti iliyokauka na kushindiliwa hulipuka kwa fataki hata isipofungiwa ndani ya chombo. Baadaye ilidhihirika kuwa pamba iliyoloa maji, ambayo haishiki moto, nayo hulipuka ikishtuliwa na kipande kikavu kilichowekwa kando yake. Abel aliona pia kuwa pamba huilipua nitrogliserini, lakini nitrogliserini hailipui pamba. Akadhani kila kitu kina mtetemo wake, na kwamba mitetemo inayolingana huitikiana kama nyuzi za zeze. Dhana hiyo ilipendeza, lakini haikudumu. Marcellin Berthelot alishika kuwa nguvu ya pigo hugeuka joto ndani ya kitu chenyewe.

Lakini joto hilo hukaa wapi? F. P. Bowden na A. D. Yoffe, katika kitabu chao cha 1952, walieleza kuwa hukusanyika katika vituo vidogo mno, kwa mfano pale viputo vya hewa vinapobanwa ghafla. Kumbe wepesi wa kulipuka wategemea matundu kama utegemeavyo kemia.

Hapo pakazuka kinyume chake. Katika mwaka 1985 A. W. Campbell na J. R. Travis wa Los Alamos walieleza kuwa wimbi dhaifu la mshindo likitangulia huifanya baruti ngumu kuwa butu: matundu huzibwa pasipo kuwaka, na mlipuko unaofuata, ambao kwa kawaida ungalipita, huzimika ukifika hapo.